Kazi ya Manukato na Amana Yake

Miongoni mwa kazi ambazo watu waliokulia maofisini wanazigeukia siku hizi, wakiacha mshahara wa kila mwezi, bima ya matibabu na cheo kilichoandikwa mlangoni, sijui nyingine inayosifiwa sana na kufahamika kidogo kama tiba ya manukato, yaani ile fani ya kutumia mafuta yaliyotolewa katika maua, majani, magome na maganda ya miti ili kuupumzisha mwili na kuiburudisha nafsi. Anayeitazama kwa mbali huona chumba chenye mwanga hafifu, taulo nyeupe zilizokunjwa vizuri na harufu ya mchaichai inayompokea mlangoni, akadhani kwamba hapo ndipo atakapostarehe baada ya miaka ya kuinamia kompyuta na kuandamwa na hesabu za mwisho wa mwezi. Mimi niliyekuwa mkadiriaji wa madai katika kampuni ya bima kabla ya kuishika kazi hii, naona ni wajibu wangu kusema mapema kwamba anayekimbia hesabu na daftari asije huku, kwa kuwa kazi hii imesimama juu ya nguzo zilezile mbili zinazoisimamisha bima, nazo ni kipimo na amana.

Elimu ya kutoa mafuta ya ua kwa mvuke ni kongwe, na sehemu yake kubwa imepita katika mikono ya wanazuoni wa Mashariki. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya kemia ya manukato na namna ya kuyakeneka, yaani kuyatoa kwa mvuke, ndani yake mkiwa na michanganyiko zaidi ya mia moja. Na Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki 1037, jina lake halikosi kutajwa kila yanapozungumzwa maji ya waridi. Walakini fani hii kwa sura yake ya leo, pamoja na jina lake la kizungu, aromatherapi, ilitoka Ufaransa mwaka 1937, katika kitabu cha René-Maurice Gattefossé, ambaye hakuwa tabibu wala mtawa, bali mkemia katika kampuni ya manukato ya jamaa zake mjini Lyon. Mwaka 1910 maabara yake ililipuka moto naye akaungua vibaya. Hadithi inayosimuliwa madukani ni kwamba aliutumbukiza mkono unaowaka katika pipa la mafuta ya lavenda ukapona papo hapo. Alivyoandika mwenyewe ni vingine, kwamba alijiviringisha kwenye majani kuuzima moto, na baadaye, vidonda vilipoanza kuoza, ndipo alipovisafisha kwa lavenda akaona nafuu. Naitaja tofauti hii kwa makusudi, maana anayejifunza kazi hii atakutana na hadithi nyingi zilizotiwa chumvi namna hiyo, na kazi yake ya kwanza ni kuitafuta kauli ya mwenyewe.

Baada ya Gattefossé akaja Jean Valnet, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyeyatumia mafuta haya kwa majeruhi huko Indochina, na kitabu chake kikatoka mwaka 1964; akaja na Marguerite Maury, mzaliwa wa Austria aliyesomea uuguzi, ambaye ndiye hasa aliyeyaunganisha mafuta ya kunukia na ukandaji, na kushikilia kwamba kila mtu achanganyiwe mafuta yake kwa kadiri ya hali yake. Alifariki mwaka 1968, na wanafunzi wake wa London ndio walioieneza njia hiyo hata ikawa kazi ya kulipwa. Kwa hiyo nasaba ya fani hii ni mkemia, daktari na muuguzi, watu watatu waliozoea mizani na kumbukumbu za maandishi.

Sasa tuyatazame mafuta yenyewe, maana wengi huyanunua bila kujua yametoka wapi. Mwenye kuijua Pemba anayajua makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikisha kuchambuliwa, ambavyo mgeni angevidhania takataka. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar lina kiwanda cha kuyakeneka. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza: makonyo hujazwa katika pipa kubwa la chuma, mvuke ukapitishwa kwa chini, ukapanda ukiyachukua mafuta pamoja nao, kisha ukaingia katika bomba lililozungukwa na maji baridi, ukarudi kuwa maji. Kinachotoka mwisho wa bomba ni maji na mafuta yakiwa pamoja chomboni, na hapo ndipo pa kutazamwa kwa makini. Mafuta ya mchaichai, ya mkaratusi na ya mrehani huelea juu, nawe huyakinga kwa juu. Lakini ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama chini kama asali iliyomwagwa ndani ya glasi, na mtu asiyelijua hilo angeyamwaga mafuta akabaki akiyahifadhi maji. Kilo 100 za makonyo hutoa takriban kilo 5 au 6 za mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eugenol, dawa ileile ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuwa kijazio cha muda cha jino.

Mlangilangi nao una adabu zake. Visiwa vya Komoro, hasa Nzwani, vimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya ua hili duniani, na hata manukato mashuhuri ya Chanel No. 5, yaliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921, yana mlangilangi ndani yake. Maua huchumwa asubuhi na mapema kabla jua halijakaza, yakakenekwa siku hiyohiyo kwa saa nyingi mfululizo, na mkenekaji huyakata mafuta kwa mafungu: ya saa za mwanzo, yaliyo matamu na mepesi, hununuliwa na watengenezaji wa manukato kwa bei ya juu, na ya saa za mwisho aghalabu huishia katika sabuni. Chupa mbili zenye jina moja, kutoka shamba moja, siku moja, zinaweza kutofautiana hivyo. Waridi ndilo ghali kupita yote, kwani hutakiwa takriban tani 3 au 4 za maua kupata kilo 1 ya mafuta. Na asumini yetu haivumilii mvuke kabisa, huungua harufu yake ikapotea, kwa hiyo mafuta yake hutolewa kwa viyeyusho vya kemia, kazi isiyowezekana katika jiko la nyuma ya nyumba. Anayekuuzia chupa ya mafuta safi ya asumini kwa bei ya soda basi amekuuzia kitu kingine.

Haya yote hayakuikuta pwani yetu haina lake. Kabla hakujakuwa na vyumba vya spa katika hoteli za Nungwi na Diani, somo wa bi harusi alikuwa akijua singo, mchanganyiko ule wa maua makavu, liwa, karafuu na maji ya waridi wa kumsugulia mwari hata ngozi ikang'aa. Akijua namna ya kupika udi na kuufukiza katika chetezo chini ya nguo za harusi. Akijua kikuba cha mrehani na asumini kivaliwacho jioni, na ubani uliotoka Dhofar kwa majahazi ya kaskazini. Walakini hekima ile ilikuwa na kinga ambayo sisi wa chupa tumeipoteza. Karafuu iliyosagwa katika singo ni karafuu nzima, na mafuta yake yamefungwa ndani ya unga. Mafuta ya chupa ni yale yaliyokusanywa kutoka katika makonyo chungu nzima, yakatiwa katika ujazo wa kijiko. Mkono wa somo ulioweza kukadiria kwa kuzoea hauwezi kukadiria nguvu ya namna hii, na hapa ndipo kipimo kinapoingia.

Mililita moja ya mafuta ni takriban matone 20. Mkandaji akichanganya mililita 30 za mafuta ya kuchanganyia, mathalani ufuta wa Lindi, nazi au mbuyu, kwa mkandwaji mtu mzima mwenye afya, hutia matone 12, ambayo ni asilimia 2; usoni hushuka hadi matone 6, na kwa mtoto hushuka zaidi. Hiyo ni kanuni ya jumla, nayo haitoshi, maana kila mafuta yana mpaka wake. Ya karafuu, kwa mujibu wa wataalamu wa usalama wa fani hii, hayapasi kuzidi asilimia 0.5 katika ngozi, yaani matone 3 tu katika mililita hizo 30. Ya gome la mdalasini mpaka wake ni asilimia 0.07. Hesabu, msomaji, ukitumia kalamu: tone moja tu katika mililita 30 limekwisha kupita mpaka huo zaidi ya mara mbili, kwa hiyo mchanganyaji lazima afanye kwanza mchanganyiko mkubwa, kisha aupunguze, au ayapime kwa mizani inayosoma sehemu za mia za gramu. Na matone yenyewe hayalingani, kwa kuwa mafuta mazito hutoa tone kubwa na mepesi hutoa dogo. Anayetia kwa kukisia, mpaka inukie vizuri, atamchubua mtu ngozi siku moja, na pengine ngozi hiyo haitayakubali tena mafuta yale maisha yake yote.

Kuna na hatari zisizohusu kiasi peke yake. Mpishi wa pwani anajua kwamba aliyekamua ndimu nyingi kisha akakaa juani mikono yake huweza kutoka madoa meusi na hata malengelenge. Mafuta yaliyokamuliwa katika ganda la ndimu au la bergamoti yana kemikali hizohizo kwa wingi, na aliyepakwa hatakiwi kukaa juani kwa saa 12 au zaidi, ilhali mafuta ya ndimu yaliyokenekwa kwa mvuke hayana dhara hilo. Mnanaa na mkaratusi, ambavyo watu wazima huvinusa wakiwa na mafua, havipakwi karibu na pua ya mtoto mchanga kwa sababu vinaweza kumbana pumzi. Kafuri na menthol huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, yaani nchi zetu. Mafuta ya karafuu yakinywewa na mtoto, hata kijiko kimoja cha chai, huweza kuliharibu ini lake. Haya hayaandikwi katika kibandiko cha chupa ya sokoni.

Ndiyo sababu mafunzo ya kweli ya kazi hii si ya siku mbili hotelini na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Mwanafunzi husoma maumbile ya mwili, ngozi, mishipa ya damu na ya fahamu, husoma namna harufu inavyopita puani hadi katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia, husoma kemia ya mafuta, aijue linalool ya lavenda na eugenol ya karafuu kama karani anavyozijua akaunti zake, hujifunza kukanda, na baada ya hapo hupewa watu halisi awahudumie chini ya usimamizi, akiandika kila mara alichowauliza, alichochanganya na kilichotokea. Uingereza chama cha watu wa fani hii kimekuwapo tangu 1985, ingawa huko sheria haimzuii yeyote kujiita jina la kazi hii. Afrika Kusini mambo ni mengine: fani hii imo katika sheria ya taaluma shirikishi za afya ya mwaka 1982, na baraza la taaluma hizo ndilo linalomsajili mtu baada ya kusoma. Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kuwasajili watoa tiba wa namna hizo, na Zanzibar ina baraza lake. Huko Bara, mafuta ya kupakwa mwilini yanayouzwa kama vipodozi yako chini ya Shirika la Viwango. Na biashara yenyewe yahitaji huko jina lililosajiliwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na namba ya mlipa kodi. Aliyetoka ofisini hataona ugumu wa fomu hizi, na kwa jambo hili ana fadhila juu ya wengine.

Niruhusuni nionyeshe kazi ilivyo kwa karibu. Mtu akija kwangu hatangulii kulala kitandani, bali hukaa kitini, na kati yetu pana meza yenye fomu. Nawakumbuka wengi, lakini aliyenifunza zaidi ni bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja kwa sababu ya magoti. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza presha, sukari, pumu, kifafa kama kimewahi kumshika, na dawa anazomeza. Akazitaja zote kwa ufasaha ila moja, na nilipomwomba anionyeshe mkoba wake wa dawa, ndani yake nikaikuta warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande.

"Hii nayo ni ya presha, mwanangu?" akaniuliza.

"La, bibi. Hii ni ya damu, na kwa sababu yake leo sitakutilia karafuu wala ile dawa ya kuchua yenye harufu kali uliyoizoea."

"Basi itanifaa nini isiyowasha?"

Swali lake lilikuwa la haki, maana sisi tumelelewa kuamini kwamba dawa isiyowasha haifanyi kazi. Nikampimia kwa matone lavenda kidogo katika mafuta ya ufuta, kwa asilimia 1, nikampaka kidogo ndani ya kiwiko tukangoja kuona kama ngozi itakataa, nikamkanda mapaja na mashavu ya miguu bila kuyabonyeza magoti yenyewe, na mwisho nikamwandikia barua aipeleke kwa daktari wake. Aliondoka akisema amepumzika. Sikumwambia kwamba amepona, kwa sababu hakupona. Ugonjwa wa viungo ulikuwa palepale. Lakini alilala usiku ule, akarudi wiki iliyofuata, na katika fomu yake nikaandika hivyo, neno kwa neno, wala sikuongeza.

Hapa ndipo penye amana, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Ukweli wa yale yanayojulikana na sayansi juu ya tiba hii ni wa kadiri, wala hauhitaji kufichwa. Huko Ujerumani vidonge vya mafuta ya lavenda vya miligramu 80 vimesajiliwa kuwa dawa kwa watu wenye fadhaa na wasiwasi. Vidonge vya mafuta ya mnanaa hutumiwa na madaktari kwa maumivu ya utumbo unaosokota. Na hivyo vyote ni dawa za kumeza zilizotengenezwa kiwandani kwa kipimo maalumu, si matone ya kutiwa katika chai nyumbani. Kwa upande wa ukandaji, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yaliyotazama masaji kwa wagonjwa wa saratani, yenye mafuta ya kunukia na yasiyokuwa nayo, yaliona kwamba ushahidi ni mchache na dhaifu mno kuweza kuthibitisha kuwa yanapunguza maumivu au wasiwasi. Australia nayo, baada ya serikali yake kuchunguza tiba mbadala kadhaa na kutoridhika na ushahidi, iliiondoa aromatherapi katika bima za afya zinazosaidiwa na serikali tangu Aprili 2019. Mtu atauliza, basi wewe wafanya kazi gani? Nami hujibu kwamba kumpumzisha mtu aliyechoka, kumshika kwa adabu mtu asiyeshikwa na yeyote, kumlaza usingizi aliyekesha, hiyo ni huduma yenye thamani kamili, na haihitaji kuitwa tiba ya saratani ili iwe halali kuilipia. Mwenye kumwambia mgonjwa wa kisukari aache sindano anywe mafuta ya mdalasini anahatarisha roho ya mtu, hata awe na ubani chumba kizima.

Katika bima tulifundishwa kwamba mkataba husimama juu ya nia njema kabisa, kila upande umwambie mwenzake lililo muhimu hata kama hakuulizwa. Sikuwahi kuona mahali ambapo kanuni hiyo inahitajika kuliko kitandani pa kukandia, ambapo mtu amevua nguo zake, amefumba macho, na hawezi kujua katika bakuli mna nini.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mshahara ukikatika, mwezi hauna tena tarehe ya malipo. Masika yakifika na watalii wakapungua, vitanda vya Unguja na vya Malindi hukaa vitupu, ilhali kodi ya chumba haina masika. Mtaji unakaa katika chupa, na chupa zina umri: mafuta ya jamii ya ndimu yakifunguliwa huanza kuharibika katika mwaka mmoja, na yaliyoharibika ndiyo yanayowasha ngozi, kwa hiyo kuyatumia ili yasipotee ni kumlipisha mteja hasara yako. Mashuka na taulo hula sabuni na umeme kuliko unavyokadiria. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii daftari ni mbili, ya fedha na ya mchanganyiko wa kila mteja. Niliyewahi kumwona akishindwa alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu, ila hakuwa na hata moja. Wengine huanza kwa kuajiriwa na hoteli, wakapata ujuzi na bahashishi, na si aibu. Wengine hutengeneza sabuni na mafuta ya kuuza, kama akina mama wa Paje wanavyochanganya mwani na mafuta ya viungo, na hao huuza hata siku ambazo mikono imechoka kukanda. Kwani mikono huchoka. Mkandaji anayewahudumia watu wengi kila siku bila kujifunza kutumia uzito wa mwili badala ya vidole, huanza kuumwa na viungo vya gumba mapema, na hilo hakuna mafuta yanayolitibu.

Mafuta yenyewe yana hila nyingi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mafuta yakisifiwa hutiwa mafuta ya bei rahisi, ama kemikali za kiwandani zenye harufu inayofanana. Ghairi ya hila za wauzaji kuna dhuluma kwa miti. Msandali wa Afrika Mashariki, ambao si ule wa India, ulikuwa uking'olewa pamoja na mizizi yake katika maeneo makavu ya Kenya na Tanzania kwa ajili ya mafuta, hata Kenya ikaupiga marufuku kuvunwa porini mwaka 2007, na mwaka 2013 miti hiyo ya nchi zetu ikaingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Magendo hayakuisha kwa hilo. Mwenye kushika kazi ya kutuliza watu hana udhuru wa kununua mafuta ambayo hawezi kuuliza yalitoka katika mti gani na kwa idhini ya nani.

Naona uchungu, nami sitauficha, ninapofikiri kwamba makonyo ya Pemba na mlangilangi wa Komoro husafiri kwa mapipa hadi Ulaya, yakagawanywa katika vichupa vya mililita 10 vyenye vibandiko maridadi, kisha yakarudi katika maduka ya viwanja vyetu vya ndege kwa bei ambayo mchumaji hawezi kuilipa kwa mshahara wa siku kadhaa. Tunao watu waliosoma hesabu, sheria, kemia na masoko, ambao wengi wao wanachoka maofisini na kutafuta pa kwenda. Lau wangekuja katika kazi hii wakiwa na elimu zao, si kwa kuzikimbia, wakafungua vinu vidogo vya kukeneka karibu na mashamba, wakapima, wakaandika, wakasajili, sehemu ya faida hiyo ingebaki kwa mchumaji na ubora ungejulikana tangu shambani.

Basi wewe unayeifikiria kazi hii, usiandike bado barua ya kuacha kazi. Soma jioni na siku za mapumziko, kanda watu chini ya jicho la aliyekutangulia, nunua mizani kabla ya kununua kitanda, weka akiba itakayokupitisha misimu miwili ya masika, kisha ndipo uage. Nawe ambaye huna nia ya kuacha ofisi yako, ila wapenda tu kupumzishwa baada ya kazi, una haki zako: mkandaji asiyekuuliza dawa unazomeza usimpe mgongo wako, na muuza mafuta muulize jina kamili la mti, nchi yalikotoka, sehemu iliyokenekwa na tarehe ya kutiwa chupani. Asiyeweza kukujibu hayo mrudishie chupa yake.